Mota za Wageni

Kiwandani walimwita Mama Desimali, ingawa mtoto hakujaliwa. Jina hilo alilipata kwa sababu ukimwambia kitu kina urefu wa sentimita tatu, atakutazama tu mpaka uongeze nukta na tarakimu mbili mbele yake. Watu walimcheka, halafu wakarudi kupima upya. Alikuwa mbunifu wa mota za roketi, zile ndogo zinazofungwa chini ya bawa la ndege ya kijeshi, nene kama paja la mtu na nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili bila kutukanana. Kwa miaka miwili alikuwa hali vizuri wala halali vizuri kwa ajili ya moshi.

Mota ya zamani ilitoa moshi kama jiko lililotiwa kuni mbichi. Rubani akifyatua roketi mbili tatu, anaingia mwenyewe ndani ya wingu lake, injini ya ndege inakohoa, na yeye anaanza kukumbuka dua alizofundishwa utotoni. Mama Desimali akabadilisha fueli. Akabadilisha umbo la tundu linalopita katikati ya fueli hiyo, na akabadilisha pua, ule mdomo mwembamba wa nyuma ambako moto hutokea. Mwisho wake akapata mota yenye moshi mwembamba usiomziba mtu macho. Walichoma kumi na mbili kwenye jukwaa la majaribio, na zote kumi na mbili ziliwaka sawasawa. Mstari wa nguvu ya moto uliochorwa kwenye karatasi ulinyooka hata ungeweza kuanikia nguo. Mkurugenzi akaitisha mkutano wa pongezi. Mkurugenzi yule aliweza kuitisha mkutano hata wa kuchagua siku ya mkutano, lakini safari hii hakuna aliyenung'unika.

Halafu jeshi likachukua nne kwenda kuzijaribu angani. Tatu zikaenda vizuri. Ya nne ikapasuka.

Rubani aliyeifyatua alikuja mwenyewe Jumatatu asubuhi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye plasta shingoni. Aliketi mbele ya meza ya Mama Desimali, akaweka kofia yake magotini, akakataa chai.

"Ilitoka vizuri," alisema. "Ikaenda kama mita mia mbili hivi. Halafu ikapiga chafya, ikapasuka. Vipande vingine vikanichania bawa. Kichwa chake kikaanguka karibu na kibanda cha mzee mmoja anayehesabu shabaha. Sikio lake moja sasa halisikii."

"Mpe pole sana. Na wewe pole."

"Tumeshapoa. Mimi sikuja kulaumu, Mhandisi. Nimekuja kuuliza. Hizo kumi na mbili mlizozichoma hapa, mlizichagua vipi?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi mno, Mama Desimali akaona kama anadharauliwa. "Tunamimina safu kumi na mbili," alisema. "Kila safu ina mabomba ishirini na nne, na kila bomba likijazwa fueli ni mota moja. Kitabu cha taratibu kinasema tuchukue moja kila safu. Hiyo ndiyo inapigwa eksirei, halafu inachomwa."

"Ipi katika hizo ishirini na nne?"

"Ya kwanza."

"Kwa nini ya kwanza?"

"Kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mlango."

Rubani hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alitoa kikaratasi mfukoni. "Yangu ilikuwa na muhuri wa safu ya kumi na mbili, namba ishirini na nne. Sisi tulichukua za juu ya kreti, na za juu ndizo zilizopakiwa mwisho." Akakikunja kile kikaratasi, akakiacha mezani. "Ijumaa mtatuletea zilizobaki, mia mbili sabini na mbili. Sisi tukiruka, chini huwa wapo wenzetu wanaotembea kwa miguu. Roketi inapita juu ya vichwa vyao. Wamenituma nikuulize kama utatia sahihi."

"Waambie Ijumaa haijafika," alisema Mama Desimali.

Siku ya pili yake akavaa ovaroli la pamba na viatu visivyotoa cheche, akaenda kusimama kwenye chumba cha kumiminia, ambako walikuwa wanaanza kundi jingine la mota. Kwa karatasi chumba kile kilikuwa cha serikali. Kwa ukweli kilikuwa cha kaka yake. Kila mtu alimwita Mjomba, hata wale waliomzidi umri, na hakuna aliyegusa ndoo mle ndani bila idhini ya macho yake. Alikuwa na miaka thelathini na moja ya kumimina, na miezi minne tu iliyobaki kabla ya kustaafu. Baba yao alipofariki, Mama Desimali alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yake akaacha shule, akaja kuosha vyombo vya kuchanganyia mlemle. Kila herufi aliyoijua Mama Desimali ilikuwa na jasho la mtu huyo, na hakuwa amesahau hata siku moja.

"Leo tunakaguliwa!" Kaka alitangaza alipomwona. "Vijana, pigeni mswaki."

"Endeleeni tu, kaka. Nataka kutazama."

Rojo ya fueli ilishuka kutoka kwenye mashine, ya kijivu, nzito, ikinyooka kama asali. Bomba la kwanza alilishika Kaka mwenyewe. Aliligonga kwa nyundo ya mpira kuanzia chini mpaka juu, polepole, akiliwekea sikio kama daktari kifuani kwa mgonjwa. Akasubiri viputo vya hewa viinuke, vipasuke juu, akaongeza rojo kidogo, akagonga tena. Kiputo kilichonaswa ndani ndicho kinachoipasua mota ikiwaka. Dakika kumi nzima. La pili alipewa msaidizi, likagongwa vizuri pia. La tano likagongwa. La kumi likagongwa kwa haraka, kwani rojo haingoji mtu. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa ngumu. Lilipofika la ishirini, ilikuwa inaanguka kwa matonge. La ishirini na nne lilipigwa nyundo mara tatu, likafunikwa, na safu yote ikasukumwa kwenye tanuri.

"Kaka," alisema Mama Desimali, "mbona ile ya kwanza umeihangaikia hivyo?"

"Ile?" Kaka akacheka kwa raha zake. "Ile si ndiyo ya wageni, mdogo wangu! Ile ndiyo inayokwenda kupigwa picha, ndiyo inayokwenda jukwaani. Utampa mgeni kikombe chenye ufa?"

Wamiminaji wote wakacheka. Lilikuwa neno la chumbani mwao, la siku zote.

"Na ile ya mwisho?"

"Ile ya nyumbani," alisema Kaka, akifuta nyundo yake. "Nayo nzuri tu. Rojo ni ile ile moja."

Mama Desimali aliitazama ile nyundo. Alikuwa amekumbuka. Neno lile halikuwa la kaka yake, lilikuwa lake mwenyewe. Alipoingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, alianzia hapahapa kwenye ndoo, kabla ya masomo ya jioni, kabla ya chuo. Mwezi wake wa kwanza, mota moja ilipasuka jukwaani, na msimamizi wa wakati ule akamtukana Kaka mbele ya watu mpaka Kaka akainamisha kichwa. Binti yule hakuvumilia kumwona kaka yake hivyo. Kesho yake alimwambia, "Hii ya kwanza ndiyo wanayoichukua kila siku. Basi tuihudumie kama mgeni." Kaka akacheka, akaipenda akili hiyo, akaifanya desturi. Tangu siku hiyo hakutukanwa tena.

Sasa hapa tuelewane, maana watu hupenda kumtafuta mwizi hata pasipoibiwa kitu. Hakuna aliyedanganya. Mjomba hakuwa mvivu wala mla rushwa, na ungemwambia kwamba anawahadaa wakaguzi angekutoa mle ndani kwa ndoo. Alikuwa fundi anayependa sifa njema ya kazi yake, na aliiweka sifa hiyo pale ambapo wangeiona. Nani kati yetu hajawahi kufagia sebule akaacha chumbani? Ila sebule yake yeye ilikuwa inatoa hukumu juu ya nyumba nzima, na nyumba hiyo ilikuwa inarushwa angani, juu ya vichwa vya watu.

Mama Desimali aliona aibu ya kweli, ile inayopanda na joto lake mpaka masikioni. Miaka miwili amehangaika na pua na tundu na moshi, amebadilisha kila kitu isipokuwa kile alichokileta mwenyewe.

Jumatano akamweleza Mkurugenzi. Mkurugenzi alisikiliza vizuri, akasimama, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda hakuitisha mkutano.

"Sema ni pua," alisema.

"Lakini si pua."

"Mama, nisikilize. Pua haina mke wala watoto. Andika kwamba pua imepata kasoro, tunaibadilisha, ni uboreshaji, kila mtu anaelewa uboreshaji. Halafu kimyakimya unawaambia wamiminaji waache huo mchezo wao. Mjomba anastaafu na heshima zake, barua yake ya shukrani iko hapa, imebaki sahihi tu."

"Na hizo mia mbili sabini na mbili?"

"Moja imepasuka kati ya nne. Zile kumi na mbili hazikupasuka. Jumlisha, ugawanye. Wewe si ndiye wa desimali?"

Alikuwa amekosea hesabu, maana zile kumi na mbili zilikuwa za wageni, na alijua amekosea, lakini alisema kwa upole wa mtu anayekutakia mema. Mama Desimali alirudi ofisini kwake akaandika taarifa mbili. Moja ilisema pua. Nyingine ilisema kumimina. Zote mbili aliziandika kwa mwandiko mzuri, akaziweka kwenye droo moja, akatoka akaenda nyumbani kwa kaka yake.

Alimkuta wifi yake sebuleni, cherehani mbele yake, koti jeusi limemfunika mapaja. Kaka alikuwa amesimama katikati ya chumba na mkono mmoja wa koti, ambao ulikuwa haujaunganishwa bado, akiuvuta juu ya shati.

"Afadhali umekuja, wifi," alisema mwanamke yule bila kuinua macho. "Mwambie kaka yako asimame kama mtu. Nimempima mara tatu, kila mara anavuta pumzi ili aonekane ana kifua."

"Kifua ninacho," alisema Kaka. "Siku ya barua nataka nikisimama pale mbele wote waseme, kumbe Mjomba!"

"Watasema, kumbe Mjomba ana tumbo."

Walicheka, na Mama Desimali akacheka nao. Alikuwa amekuja kusema. Maneno aliyapanga njia nzima: kaka, nataka tuongee. Lakini kila alipofungua mdomo wifi alimpa pini ashike, au Kaka alimwuliza kama vifungo viwe vitatu au viwili. Akasema vitatu. Akashika pini mpaka zikaisha. Alipoaga, Kaka alimsindikiza hadi barabarani kwenye duka la kona, na mkono wa koti ukiwa bado umemning'inia.

"Una jambo," alisema Kaka.

"Kesho asubuhi njoo jukwaani. Nachoma mota."

"Mimi? Jukwaani?" Akasimama. "Mimi si mtu wa milio, unanijua. Miaka thelathini na moja sijaiona hata moja ikiwaka, na sijapungukiwa kitu."

"Njoo, kaka. Nakuomba."

Hakuwa na kawaida ya kumwomba. Kaka alimtazama, akaukunja mkono wa koti, akasema atakuja.

Jukwaa la majaribio lilikuwa nje kabisa, mwisho wa uwanja, baina ya kuta tatu za zege na kilima cha mchanga. Watu walitazama kutoka chumba kidogo cha zege chenye dirisha la kioo kinene kilichokwanguka. Mchomaji, mtu mfupi aliyezoea kuongea kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake yalikwisha zamani, alikuwa amepanga mota sita chini ya turubai. Mama Desimali alikuwa amezichagua mwenyewe asubuhi ile ghalani: namba ishirini na nne kutoka safu sita.

Kaka alitazama mihuri yake, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameshaelewa ameitiwa nini. Akaingia ndani, akakaa kwenye benchi, akaziba masikio mapema kabla ya wakati.

Ya kwanza iliwaka. Mlio ulipita kwenye zege ukaingia miguuni, na moto ukasimama nyuma ya mota, mweupe, umetulia. Kaka aliondoa mikono masikioni bila kujua. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeonyeshwa mtoto wake kwa mara ya kwanza. "Hii nimeimimina mimi?" aliuliza.

"Wewe na wenzako."

Ya pili ikawaka vizuri vilevile. "Unaona?" Kaka alisema, sasa amesimama, pua imegusa kioo. "Nilikwambia! Rojo ni ile ile moja."

Ya tatu ilianza vizuri. Halafu moto ukacheza, mara moja, mara mbili, ukakohoa, na mota ikapasuka. Kioo kilitikisika kwenye fremu yake. Vipande viligonga kuta za zege, na kimoja kikapaa juu ya kilima cha mchanga kikapotea upande wa pili. Moshi ulipotulia, pale mota ilipofungwa palikuwa na chuma kilichofunguka tu.

Mchomaji alifunga ya nne, ikawaka. Ya tano ikakohoa nusu ya muda wake, mstari kwenye karatasi ukapanda ukashuka, lakini haikupasuka.

"Inatosha," alisema Kaka.

"Imebaki moja."

"Inatosha, mdogo wangu. Nimeona."

Mama Desimali alimwashiria Mchomaji apige simu ghalani: lori la Ijumaa lisipakiwe, kreti zote zifungwe. Mchomaji alitoka, na wakabaki wawili. Kaka alirudi kwenye benchi. Mikono yake, iliyozoea kushika kitu, ilikuwa haina la kufanya. Aliiweka magotini, akaiondoa, akairudisha.

"Sasa utaandika," alisema.

"Mkurugenzi anataka niandike ni pua."

"Pua imefanya nini?" Kaka alikasirika kwa kweli, akakunja uso. "Pua haina kosa. Mficha uchi hazai. Andika tulivyokuwa tunafanya, na uandike jina langu, usije ukaandika wamiminaji. Wale vijana wamefundishwa na mimi."

"Nitaandika na langu. Neno la mgeni nililianza mimi."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kaka."

"Si ndiye mtoto huyo," alisema Kaka.

Mama Desimali alitoa fomu kwenye mfuko wa ovaroli, akaandika palepale juu ya goti. Kundi limezuiwa. Sababu: uangalifu usio sawa wakati wa kumimina, uliotokana na desturi ya kuitunza mota ya kwanza ya kila safu. Akaandika majina mawili, lake na la kaka yake. Akaandika kwamba kuanzia sasa mota za kuchomwa zichaguliwe kwa kura, baada ya kuiva tanurini, na mtu ambaye hakumimina. Akatia sahihi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa ovaroli bila kujificha. Barua ya shukrani haitakuwapo tena, wala siku ya kusimama mbele ya watu, na lile koti jeusi litavaliwa kwenye harusi za watu wengine. Alijua hivyo alipokuwa anaandika, na Kaka alijua pia.

Kaka aliipokea fomu, akavaa miwani, akaisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho hakuirudisha. Alikuwa anahesabu kitu.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Kila wiki safu, kila safu ina mwisho wake. Zile zote zimekwenda wapi?"

"Jeshini."

"Jeshini najua. Baada ya hapo."

Mama Desimali alijua uzito wa kila mota iliyowahi kutoka kiwandani kwa nukta na tarakimu mbili. Alijua iliwaka kwa sekunde ngapi. Alitafuta kichwani mwake jibu la swali hilo, na hakukuta hata mahali ambapo lingewekwa.

"Hatuandiki, kaka. Tunaandika zinazotoka hapa. Zinakoangukia hatuandiki."

"Basi zile mbovu zimewaangukia wenzetu. Wale askari wa miguu."

"Baadhi. Huenda."

Kaka alitikisa kichwa, muda mrefu, kama mtu anayekubali deni la maiti. Halafu akainua uso, na Mama Desimali akaona kwamba anatafuta mahali pa kushika, kitu chochote kile, ili aweze kusimama na kurudi kwa vijana wake.

"Lakini nyingi zilikuwa nzuri," alisema. "Hizi tatu hapa zimewaka vizuri, nimeona kwa macho yangu. Nyingi zilikuwa nzuri, si ndiyo? Hizo je?"

"Zile nzuri zilifika zilikotumwa, kaka."

Kaka yake alivua miwani, akaishika mkononi, na hakuuliza zilifika kwa nani.